Anza na kamba, koma zitasubiri

Binti niliyewahi kumfundisha baiolojia hapa Mbeya alinitumia rasimu ya makala ya Wikipedia ya Kiswahili, kuhusu Caridina nilotica, kamba mdogo wa maji baridi wa Ziwa Viktoria. "Shikamoo mwalimu. Naomba uisome, usinionee huruma."

Zamani ningeshika kalamu nyekundu nianze na koma. Kuna kijana niliyemfanyia hivyo: alisahihisha herufi kubwa zote, lakini kwamba alikuwa ameeleza mnyama tofauti na kichwa cha makala, sikuliona. Hakuniletea kazi nyingine, na bado inaniuma.

Safari hii nilianza na kamba mwenyewe. Binti aliandika kuwa "hukamata mawindo kwa magando marefu". Sivyo. Kamba wa familia ya Atyidae wana magando madogo yenye vishungi vya nywele nchani, kama brashi, na huzitumia kufagia mwani na mabaki laini. Sikuandika "kosa". Niliandika: "Aya ya pili, sentensi ya tatu: hili umelisoma wapi? Nahisi chanzo chako kinazungumzia Macrobrachium." Kumbe alichanganya kurasa mbili, ya kamba huyu na ya Macrobrachium, kamba wengine wenye magando marefu. Ukimuuliza hivyo, mwandishi anarudi kwenye chanzo chake. Ukimwamuru, anafuta tu na hajui alipokosea.

Kila unapomrekebisha, mpe sababu. Baada ya jina la kisayansi huandikwa aliyemweleza mnyama kwanza na mwaka; yeye aliandika "Roux, 1833" bila mabano. Nikamweleza kuwa Polydore Roux alimweka kamba huyu kwanza kwenye jenasi ya Pelias, na mabano ndiyo yanayoonyesha kwamba alihamishwa baadaye. Ningemwambia "weka mabano" basi, makala ijayo angeyaweka hata pasipohitajika.

Palikuwa pia na "hupatikana Afrika nzima", kutoka kitabu cha zamani. Ni kweli jina hilo lilitumika kwa kamba wa sehemu nyingi za bara, lakini wataalamu wamekwisha kutenganisha baadhi yao kuwa spishi nyingine. Nilimwomba abaki na maeneo ambayo chanzo kipya kinayataja. Alitamani sana kuliingiza Ziwa Nyasa, maana kwao ni Matema, kando ya ziwa hilo. Namwelewa kabisa, ila hakuwa na chanzo.

Na kizuri kitaje kwa umakini uleule. Alikuwa na aya ya sangara: jinsi furu, samaki wadogo wa asili wa Ziwa Viktoria, walivyopungua miaka ya 1980, sangara wakageukia kamba hawa, dagaa na hata watoto wao wenyewe. Aya hiyo ilijificha mwishoni. Nikamwambia aipandishe, kwa sababu anayenunua sangara sokoni Mwanjelwa ataona mara moja kamba huyu anamhusu vipi.

Lugha niliiacha kwa awamu ya pili, na hapo lilikuwepo jambo zito. Aliandika "kamba hizi". Msomaji anaona kamba za kufungia mbuzi! Tukakubaliana iwe "kamba hawa", na sentensi ya kwanza iseme wazi kuwa ni mnyama wa maji, jamaa wa kaa. Sentensi yenyewe aliiandika yeye. Nilijizuia kumwandikia, ingawa vidole viliniwasha.

Baada ya wiki mbili alijibu kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, mwalimu," yaani asante sana. Chini yake alikuwa ameambatisha rasimu nyingine, ya usipa, samaki mdogo wa Ziwa Nyasa.