Usifute kemia ya nyuso kama unataka kusoma nanofluidiki

Usifute somo hilo la kemia ya nyuso, yaani la yanayotokea pale kimiminika kinapogusana na kitu kigumu. Umeeleza kwamba una shahada ya kwanza ya uhandisi kemikali, unataka kufanya uzamili katika nanofluidiki, yaani mwendo wa giligili ndani ya mifereji yenye upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na unauliza kuhusu programu za kompyuta za kujifunza, barua kwa maprofesa na ufadhili. Katikati ya maelezo hayo umetaja, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa mshauri wako amekuambia uache kemia ya nyuso uchukue somo la pili la uigaji wa mwendo wa giligili kwa kompyuta, kwa hoja kwamba maji ni maji hata mfereji uwe mwembamba kiasi gani. Nami niliambiwa hivyo hivyo na mtu aliyekuwa na cheo cha kunishauri lakini hakuwa na uzoefu wa kupima chochote ndani ya mfereji wa aina hiyo, na hadi leo inaniuma kuona ushauri huo ukitolewa kwa uhakika uleule.

Milinganyo ya mwendo wa giligili tuliyofundishwa shahada ya kwanza haina kosa kubwa. Kwa maji inaendelea kufaa hadi upana wa karibu nanomita 1. Kinachotawala katika mifereji myembamba ni ukuta. Silika, kiini cha kioo, ikiguswa na maji yenye pH ya 7 hupoteza protoni na kubaki na chaji hasi, na chaji hiyo huvuta ioni (chembe zenye chaji) chanya zijikusanye karibu nayo katika tabaka ambalo unene wake hutegemea chumvi: takriban nanomita 0.3 katika potasiamu kloridi ya mola 1 kwa lita, nanomita 10 katika milimola 1, na nanomita 30 katika milimola 0.1. Katika bomba la kiwandani tabaka hilo halihesabiki. Katika mfereji wenye kina cha nanomita 20, chumvi ikiwa hafifu, matabaka ya kuta mbili hukutana, na hapo ioni nyingi zilizomo zimeletwa na ukuta, wala si na chumvi uliyoipima kwenye mizani.

Mimi sikuyajua hayo. Nilipima mkondo wa umeme katika chumvi hafifu, nikapata thamani zaidi ya mara mia ya ile niliyoikokotoa kutokana na vipimo vya mfereji, na mshauri wangu akatangaza kwamba ioni zinakwenda kwa kasi isiyo ya kawaida. Tukajenga mwigo wa kompyuta, tukapunguza msuguano wa ukutani kidogo kidogo hadi tarakimu zikalingana, na sehemu kubwa ya mwaka ikaishia humo, pamoja na fedha za maabara na rasimu ya makala. Mhakiki wa makala aliomba jambo moja tu: rudieni kipimo katika viwango vingi vya chumvi. Tulipofanya hivyo, upitishaji wa umeme ulishuka pamoja na chumvi, kisha ukalala bapa na kukataa kushuka zaidi. Hali hiyo ilikuwa imechapishwa na watafiti Stein, Kruithof na Dekker mwaka 2004, katika mifereji ya silika, pamoja na sababu yake, yaani chaji ya ukuta. Hesabu yenyewe ni ya mistari miwili: kuta mbili zenye chaji ya milikulombi 30 kwa kila mita ya mraba, katika kina cha nanomita 20, huleta ioni za takriban milimola 30 kwa lita. Ukiweka chumvi ya milimola 0.1, ziada ya zaidi ya mara mia imekwisha kuelezeka bila ioni yoyote kuongeza kasi.

Sisemi kwamba maajabu hayapo. Mwaka 2016 mtafiti Secchi na wenzake walipima mrija mmojammoja wa kipimo cha nanomita, wakaona maji yakiteleza ndani ya mirija ya kaboni, na zaidi kadiri mrija ulivyo mwembamba, ilhali katika mirija ya nitridi ya boroni, yenye mpangilio wa atomi unaokaribia kufanana, utelezi haukuonekana. Hapo pia tofauti ilitoka ukutani.

Kwa hiyo, kabla ya kudai lolote, chora upitishaji dhidi ya chumvi kwa skeli ya logi pande zote mbili, kuanzia chumvi hafifu kwenda kali ili mabaki yasiharibu vipimo vinavyofuata. Tumia potasiamu kloridi, kwa kuwa ioni zake mbili husafiri kwa kasi zinazokaribiana, na elektrodi za fedha na kloridi ya fedha. Katika mola 1 jibu linapaswa kulingana na umbo la mfereji. Likiwa dogo mno, shuku kiputo cha hewa, na likiwa kubwa mno, shuku uvujaji. Chini ya milimola 0.01 usiamini sana unachokiona, kwa sababu kaboni dioksidi ya hewani huyeyuka ndani ya maji na kuongeza ioni zake.

Kuhusu programu, yoyote inayotatua milinganyo ya ioni na chaji kwa pamoja itakutosha, lakini haitakuambia ukuta wako una chaji kiasi gani. Rudisha kemia ya nyuso kwenye fomu kabla usajili haujafungwa. Na msimamizi yeyote utakayezungumza naye, mwombe akuonyeshe mchoro wa upitishaji dhidi ya chumvi kwa mfereji mmoja tu uliopimwa katika maabara yake. Akikujibu kwamba hawaoni haja ya kuupima, tafuta mwingine.