Hidrojeni haichakatwi, jamani

Msomaji kaniuliza: "Nimesoma kwamba Australia walichakata hidrojeni kutoka kwenye makaa ya mawe, na Januari 2022 meli ya Suiso Frontier ikaibeba kwenda Japani. Ni sahihi kusema kuchakata au tuseme kuchimba?"

Kuchimba hapana, kinachochimbwa ni makaa, hilo tumemaliza. Ila kuchakata, aisee hapo umenitonesha kidonda. Siku hizi kila kitu kinachakatwa, data zinachakatwa, maombi ya mkopo yanachakatwa, juzi nimesikia eti maoni ya wananchi yanachakatwa nikacheka peke yangu kama chizi. Muulize mtu wa Tanga kuchakata ni nini. Jani la mkonge linaingia kwenye korona, ile mashine ya mkonge, linapondwa, nyama inabanduka inakwenda na maji, zinabaki singa, yaani nyuzi za katani, unazianika juani. Yaani singa zilikuwemo ndani ya jani tangu shambani, mashine haikuziumba, imezivua nguo tu. Huko ndiko kuchakata, kuna kelele, kuna harufu, na ukizubaa kuna mkono kukatika.

Sasa njoo kwenye makaa ya mawe. Unayatia kwenye chombo kilichofungwa, unayapa oksijeni ya kubania, unapuliza na mvuke wa maji, joto linapita nyuzi 700. Hapo makaa hayawaki yakaisha kama kwenye jiko, yanageuka gesi, nyingi ikiwa hidrojeni na kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Halafu hiyo monoksaidi inakutanishwa na mvuke tena, inanyang'anya maji oksijeni yake inakuwa kaboni dayoksaidi, na hidrojeni nyingine inaachiwa. Umeona? Sehemu kubwa ya hidrojeni imetoka kwenye maji, haikuwa imejificha ndani ya jiwe ikisubiri korona! Na jina lenyewe Wafaransa walilichonga kwa Kigiriki karne ya 18, maana yake mzaa maji, basi hapa maji ndiyo yamemzaa mzazi wake.

Mbona wachoma mkaa hawahangaiki na maneno? Wanapanga magogo, wanafukia na udongo hewa isiingie sana, wanasema tunachoma mkaa, na hakuna mtu anayedhani mkaa ndio unaoteketezwa.

Kwa hiyo andika "kutengeneza hidrojeni kwa makaa ya mawe na mvuke", au kuzalisha ukitaka tai shingoni. Na hiyo "kutoka kwenye" ipunguze, "kwenye" peke yake ina nguvu za kutosha. Ukisema kugesisha makaa nitanuna kidogo ila nitakuelewa. Kuchakata data nimeshachoka kupigana nako, chukueni. Lakini siku mkichakata tena maoni ya wananchi mniite, nije na ndoo nikinge maji yake.