Printa ya risiti kwenye poti 9100: amri ni rahisi, soketi ndiyo inayosumbua

Printa nyingi za risiti zenye tundu la kebo ya mtandao husikiliza poti 9100, yaani namba ya mlango wa mtandao. Kwa programu ndogo ya dukani iliyoandikwa kwa Python na Tkinter (maktaba yake ya kutengeneza madirisha) huhitaji draiva: fungua soketi ya TCP (muunganisho wa mtandao kati ya programu na printa), sukuma baiti za ESC/POS (lugha ya amri za printa za risiti), karatasi inatoka.

Ipe kwanza printa anwani ya IP isiyobadilika. Ruta ikigawa anwani upya umeme uliporudi, utajikuta unatuma risiti kwenye simu ya mtu.

```
with socket.create_connection(("192.168.1.50", 9100), timeout=3) as s:
    s.sendall(b"\x1b@" + maandishi.encode("cp437", "replace") + b"\n\x1dVB\x00")
```

`\x1b@` huirudisha printa kwenye mipangilio ya mwanzo. `\x1dVB\x00` husogeza karatasi hadi kwenye kisu na kuikata. Droo ya pesa hufunguliwa na `\x1bp\x00\x19\xfa`.

Tumia `sendall`, achana na `send`. `send` inaweza kupeleka sehemu tu ya data na kukurudishia idadi ya baiti zilizokwenda. Nembo ya duka ikikatikia njiani, printa huweza kubaki ikingoja baiti zilizosalia za picha, na risiti ya mteja anayefuata inamezwa na kutoka kama madoa meusi.

Kiswahili kinatosha ndani ya ASCII (seti ya herufi za msingi za Kiingereza), isipokuwa kile kikoma cha juu. Jina la bidhaa lililonakiliwa kutoka Word huja na kikoma kilichopinda, na ukikituma kwa UTF-8 (usimbaji wa herufi ambao printa haiutarajii hapa), “nyama ya ng’ombe” inachapwa “nyama ya ngΓÇÖombe”. Kwa msimbo ulio hapo juu utapata alama ya kuuliza, ambayo nayo inachekesha wateja. Kibadilishe kiwe `'` kabla ya `encode`.

Usifungue soketi ndani ya kitufe chenyewe. Printa ikiwa imezimwa, dirisha linaganda, keshia anabonyeza mara tano, na printa ikiwaka zinatoka risiti tano. Weka kazi kwenye foleni ya `queue.Queue`, thredi moja (mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na dirisha) izitoe moja moja, na kitufe kizimwe mpaka jibu lirudi. Thredi hiyo isiguse dirisha. Irudishe jibu kwenye foleni ya pili inayosomwa na `root.after(100, ...)`. Funga soketi kila risiti ikiisha, maana printa nyingi hupokea muunganisho mmoja tu kwa wakati.

Halafu, `sendall` kumaliza bila kosa hakuthibitishi kuwa kuna kilichochapwa. Data imefika kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya kompyuta, basi. Kabla ya risiti tuma `\x10\x04\x04`, amri ya kuuliza hali ya karatasi, kisha `jibu = s.recv(1)`. Jibu likiwa tupu, muunganisho umefungwa. `jibu[0] & 0x60` ikitoa kitu zaidi ya sifuri, karatasi imeisha. Baadhi ya printa za bei ya chini hazijibu kabisa na utapata kosa la `timeout`. Hilo usimwandikie keshia kuwa “karatasi imeisha”, atabadilisha roli nzima bure.