Mwaga hiyo ndoo ya maji kwanza

Mleta mada, mwaga hiyo ndoo. Mengine tutaongea baadaye.

Umeandika kwamba umefua visu sita vya springi ya Fuso hapo Pasua, Moshi, kesho unavizima, yaani unavipasha moto na kuvipoza ghafla ili viwe vigumu, na mjomba wako kakwambia utumie maji baridi yenye chumvi ili chuma kishike. Ukauliza pia mti wa mpini na bei ya kuwauzia watalii. Mimi nilipofika kwenye maji ya chumvi nikaacha chakula mezani.

Nilipokuwa naanza kazi hii Arusha, nyuma ya gereji moja Mbauda, nilipata oda ya visu 12 vya bucha, elfu 25 kimoja, laki tatu jumla. Fundi mmoja akanitoza elfu 50 anifundishe "siri ya wazee". Siri yenyewe: pasha chuma mpaka kikaribie weupe, tumbukiza kwenye maji baridi kabisa, na kikilia ujue kimekubali. Kikilia! Kile kilio ni chuma kinapasuka, na yule mtu alikula hela yangu akijua hajawahi kukata hata nyama kwa kisu alichozima yeye. Mpaka leo sijamsamehe.

Cha kwanza kilisema "ti!", kama glasi baridi iliyotiwa chai ya moto. Nikafurahi. Jioni nikavipaka mafuta ya taa na kuvifuta kwa kitambaa. Kwenye cha tatu ukabaki mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye makali unapanda kuelekea mgongoni. Nikakigonga kwenye ukingo wa fuawe, vipande viwili. Ndani chembe kubwa zinametameta kama sukari: nilikiunguza kabla hata sijakizima. Saba vilikuwa na ufa. Vitano sikuona kitu, nikavitia mipini nikavipeleka, na hapo ndipo nilipokosea kuliko kote. Baada ya wiki mbili kimoja kikavunjika mkononi mwa kijana wa bucha akitenganisha mbavu. Kipande kikamchana kiganja, akashonwa nyuzi sita. Nililipia matibabu, nikarudisha hela yote, nikavichukua vile vinne vilivyobaki nikavivunja mwenyewe. Yule kijana huwa nakutana naye soko la Kilombero. Kidole kimoja hakikunji vizuri.

Mjomba wako simlaumu, naye aliambiwa. Lakini elewa kinachotokea. Maji yananyang'anya joto haraka mno. Nje panakuwa pagumu wakati ndani bado kuna moto, halafu ndani nako kukigeuka kuwa kugumu kunavimba kidogo, nje hapawezi tena kunyooka, panachanika. Panaanzia pembamba, au kwenye mkwaruzo wa grainda. Na usiniletee habari za wahunzi wa Mamba, njia ya Marangu. Walifua mikuki mizuri kabla gari halijafika huku, ila chuma chao hakikuwa springi ya Fuso.

Springi inazimwa kwa mafuta. Nunua ya alizeti, lita nne au tano, kwenye kopo refu la chuma, uyapashe mpaka nyuzi 50 au 60, kwa sababu yakiwa baridi ni mazito na hayapoozi vizuri. Oili chafu ya gereji achana nayo, moshi wake ni sumu. Makali yasiwe membamba bado, acha kama milimita moja na nusu. Funga sumaku kwenye waya, uwe unagusa bapa la kisu likiwa motoni: ikiacha kuvuta, karibu nyuzi 770, ongeza moto kidogo tu, lifike kama 830, kisha litoe. Fanya kazi hii kivulini, juani rangi itakudanganya. Liingize ncha kwanza, wima, ulipandishe na kulishusha. Ukilipunga kwa ubavu litapinda. Mafuta yanaweza kuwaka, kwa hiyo weka mfuniko wa bati karibu, na maji yasiwepo kabisa hapo.

Likipoa pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza bila kung'ata, limekubali. Ila usilitie mpini bado, likiwa hivyo likianguka sakafuni linaweza kukatika. Siku hiyo hiyo liingie kwenye oveni, nyuzi 200, kwa muda wa saa mbili, lipoe, kisha kwa saa mbili tena. Ukilisugua msasa kabla ya kuliingiza utaona linatoka na rangi ya majani makavu ya mahindi.

Na kabla ya hivyo sita, kata kipande cha ukubwa wa kidole kutoka springi hiyo hiyo. Kizime kwa mafuta, kibane kwenye jiriwa, kifunike kwa kitambaa, ukivunje kwa nyundo. Pakiwa pa kijivu na laini kama majivu, endelea. Ukiona sukari, usiguse kisu hata kimoja, piga picha ya hapo kilipovunjika uilete humu, nitakujibu hata usiku.