Kabla Hujanunua Kitabu cha Python, Fungua Kurasa za Mwanzo

Juzi mdogo wangu mmoja kaniandikia: "Kaka, nataka kujifunza kuandika programu, ninunue kitabu gani?" Nilikaa na ujumbe ule siku mbili. Swali hilohilo niliwahi kuuliza mimi, na lilinigharimu karibu mwaka mzima.

Ilikuwa 2017. Nilinunua kitabu cha mitumba cha Python, lugha ya kuandikia programu, pembeni mwa barabara, Posta, Dar es Salaam. Kinene, jalada safi. Nikaweka Python mpya kwenye kompyuta ya kuazima, nikaandika mstari wa kwanza kama ulivyo kitabuni:

print "Habari"

Ikakataa, ikatoa maandishi mekundu ya kosa. Nikarudia, herufi kwa herufi. Maandishi mekundu tena. Nikampelekea aliyekuwa akinifundisha. Hata kioo hakukitazama, akasema kazi hii ina wenyewe. Neno lile linaniuma mpaka leo.

Kitabu kilikuwa cha Python 2, toleo la zamani. Kompyuta ilikuwa na Python 3, iliyotoka Desemba 2008, na humo unaandika print("Habari"). Mabano tu! Tena yale maandishi mekundu yalisema wazi, kwa Kiingereza, kwamba mabano yamekosekana. Nilikuwa nimeshatishika, sikuyasoma.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujatoa hela, fungua kurasa za mwanzo, tazama mwaka na toleo la Python. Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Kitabu chake hata ukipewa bure, kiache.

Na vya bure vizuri vipo. Think Python cha Allen Downey kinasomwa bure mtandaoni. Vilevile Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart, na hiki ndicho kilichonitoa. Nilikuwa karani duka la vifaa vya ujenzi. Taarifa ya mauzo ilinila siku mbili kila mwisho wa mwezi. Nilipofika sura ya Excel nikaandika programu yangu, taarifa ikatoka kabla chai haijapoa. Bosi aliniita nimwonyeshe mara tatu.

Chagua kimoja, ukimalize. Usirukie kingine kwa sababu rafiki kakisifia. Kila mfano uandike kwa vidole vyako, usinakili na kubandika. Kimoja, ukimalize, nasisitiza. Na asikwambie mtu kwamba kazi hii ina wenyewe.

Ukikwama, nitumie maandishi mekundu yote kama yalivyo, usiyafupishe.