Nadaiwa mkopo nisioujua

SWALI: Wakala wa kukusanya madeni ananipigia simu kila siku kuhusu mkopo ambao sikuuchukua. Anasema nikitoa japo kidogo, atanipunguzia usumbufu. Nilipe yaishe?

JIBU: Usitoe hata senti. Katika sheria za nchi nyingi, malipo ya sehemu huhesabiwa kuwa umelikiri deni, na katika baadhi yake hata deni lililopitwa na muda wa kushtakiwa linaweza kufufuka. Wala usimtajie namba ya kitambulisho “kwa uhakiki”. Anayekudai ndiye wa kuthibitisha.

Mwandikie: “Silitambui deni hili. Naomba jina la mkopeshaji wa awali, tarehe ya mkopo, nakala ya mkataba wenye sahihi, mchanganuo wa mkopo halisi, riba na adhabu, pamoja na hati inayokupa mamlaka ya kudai.” Tuma kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa, ubaki na nakala. Madeni huuzwa na kuuzwa tena, kumbukumbu zikipotea njiani, kwa hiyo hati hiyo ya mwisho ndiyo huwashinda wakusanyaji wengi.

Mkataba ukija, linganisha sahihi, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Majina kufanana ni chanzo cha kawaida cha makosa haya. Kama taarifa ni zako lakini sahihi si yako, toa taarifa polisi, kisha upinge rekodi ya deni hilo kwa mkopeshaji na kwa taasisi ya taarifa za mikopo, yaani inayotunza kumbukumbu za wakopaji.

Simu unaweza kuzipuuza. Wito wa mahakama, kamwe: usipojibu, hukumu hutolewa bila wewe kusikilizwa.