Kabla ya lami, ulizeni kodi ya chumba

Ndugu mhariri, wiki hii mmeuliza mtaa ukipata fungu la maboresho uanze na nini, barabara, mitaro au taa. Wenzangu naona wengi ni lami, lami, lami. Mi hilo swali limenichoma kidogo, maana kabla ya kuuliza kianze nini mngeuliza nani atakuwa bado anakaa hapo kazi ikiisha. Nimepanga Dar hii tangu natoka kwa wazazi, na nyumba nyingi nilizokaa mwenye nyumba analala chumba kimoja vilivyobaki vyote ni sisi, ila likija suala la mradi "mwananchi" ni yeye peke yake.

Mnaikumbuka DMDP, ule mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa 2015, dola milioni 300, ndo uliojenga mfereji wa Mto Ng'ombe na barabara kibao za ndani huku uswahilini. Miaka hiyohiyo na sisi tulifikiwa na mradi wetu mdogo wa mtaro. Nilikuwa nakaa bondeni, mtaa siutaji maana mama mwenye nyumba bado ana namba yangu. Tukaitwa mkutano. Viti vya plastiki vya kukodi mbele, wenye nyumba wamekaa, wapangaji tumesimama nyuma tunagombania kivuli cha mwarobaini. Injinia kabandika mchoro ukutani na selotepu, upepo ukaung'oa, ikabidi kijana mmoja aushike mikono juu na kila akishusha anapigiwa kelele. Basi hapo ugomvi ni X nyekundu za bomoabomoa tu, fulani kawekewa, fulani ukuta wake umerukwa, fulani katoa soda. Mzee mmoja akasema choo chake hakisogei kimejengwa enzi za Nyerere, na tukakijadili hicho choo karibu mkutano mzima, wakati kila mtu pale anajua mvua kubwa ikipiga usiku kinatapishwa na mzigo wote unashuka vyumbani kwetu sisi wa chini.

Ndo akanyoosha mkono jirani yangu, mpangaji, anauza vitumbua. "Mwanangu injinia, huo mtaro ukipita mlangoni kwangu alfajiri navuka vipi na karai?" Watu wakacheka. Mwenyekiti akamwambia mama, wapangaji mambo yenu mtayamaliza na wenye nyumba zenu, tuendelee. Yule injinia hakucheka, mkutano ulipoisha akamwambia mama nipeleke, wakaenda, akatoa futi akapima mlango, akauliza na karai lina upana gani, akaandika kwenye mkono wake kwa peni maana mchoro ulishachanika. Na kweli kazi ilipofika pale kikamwagwa kivuko cha zege, kipana kushinda vya wengine wote, mpaka mama mwenye nyumba akanuna.

Sasa mtaro ulifanya kazi, sitaki uongo. Masika iliyofuata hatukupandisha magodoro juu ya meza. Ila mwezi wa saba chumba cha elfu 40 kikawa elfu 70, miezi sita mkupuo, "si mnaona mtaa ulivyo". Mama vitumbua akahamia Chanika kuanza upya na wateja wasiomjua, na kwenye kivuko chake akakaa kijana wa miamala ya simu.

Kwa hiyo nilikaa kuandika nikiwa na jibu moja tu, msituletee lami yenu. Lakini kuna Hananasif pale Kinondoni, miaka ya 90, mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, ILO na UNDP, pamoja na Ford Foundation, watu wa mtaa wenyewe ndo walichimba na kujenga mitaro kwa ujira, na kazi ya sururu haichagui mwenye hati. Kuna Magomeni Kota, kaya 644 zilitolewa, zikasubiri karibu miaka kumi, lakini majina yao yalikuwa kwenye orodha na 2022 maghorofa yakafunguliwa kwa ajili yao. Sema zile zilikuwa nyumba za umma. Mama mwenye nyumba wangu alijenga tofali moja moja kwa hela ya samaki wa Feri, na ule mtaro ulimmegea nusu mita ya uwanja bila fidia, sasa mi nimwambie asipandishe kodi kwa sura gani? Nikifikiria hivyo hasira inapungua, ingawa haiishi.

Basi niandikieni mitaro, kabla ya barabara na taa, hata kama kodi itapanda. Kipindupindu kilishapita mitaa yetu mara nyingi na hakijawahi kuuliza nani mpangaji. Ila jamani wapangaji wapewe viti mkutanoni na waandikwe majina kabla ya kijiko cha kuchimba kuingia, na serikali ya mtaa isimamie karatasi ya kwamba kodi haiguswi miaka miwili baada ya mradi. Na hata hiyo karatasi sijui kama itashika, maana mwenye nyumba akikutaka utoke hasemi kodi, anakwambia tu mwanangu anaoa nahitaji chumba changu.